Turkey Stearnes: Mpigaji Hodari Aliyezuiwa Ligi Kuu

Norman Stearnes, aliyefahamika zaidi kwa jina la Turkey, alizaliwa Nashville, Marekani, mwaka 1901, na mwaka 1923 akajiunga na timu ya Detroit Stars. Alicheza nyuma kabisa ya uwanja wa besiboli, upande wa kati, nafasi inayomtaka mtu awe na mbio na jicho jepesi, kwa kuwa hulinda eneo pana kuliko wenzake na hupaswa kuudaka mpira kabla haujagusa ardhi. Wapo waliochekeshwa na mkimbio wake wa ajabu. Warusha mpira hawakucheka, maana mwembamba huyo, aliyepiga kwa mkono wa kushoto, aliuvusha mpira nje ya uzio mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa kwa umbo lake.

Ligi kuu za wakati huo hazikuwa na kanuni iliyoandikwa ya kuwakataa Weusi. Yalikuwepo makubaliano ya kimyakimya baina ya wamiliki wa timu, yaliyodumu hadi Jackie Robinson, mchezaji Mweusi, alipoichezea Brooklyn Dodgers, timu ya ligi kuu, mwaka 1947. Weusi walikuwa wamejiundia ligi yao mwaka 1920, chini ya Rube Foster, mmiliki wa timu aliyekuwa Mweusi. Ujira wa Stearnes katika ligi hiyo haukutosha mwaka mzima, hivyo msimu ulipokwisha alifanya kazi katika viwanda vya magari vya Detroit, kikiwemo cha Walter Briggs, ambaye pia alikuwa mmiliki wa Detroit Tigers, timu ya ligi kuu ya mji huohuo. Kwa tajiri huyo, inaelekea, mikono ya Stearnes ilifaa kiwandani tu. Tigers walimchezesha mchezaji wao wa kwanza Mweusi mwaka 1958, Briggs akiwa ameshafariki.

Mdororo wa uchumi ulipoibana Detroit, Stearnes alihamia Chicago American Giants, na baadaye akachezea Kansas City Monarchs. Alifariki mwaka 1979. Ukumbi wa Mashujaa wa Besiboli, ulioko Cooperstown, ulimpokea mwaka 2000.

Mwaka 2024 takwimu za ligi za Weusi ziliunganishwa rasmi na za ligi kuu, na wastani wa upigaji wa Stearnes, .348 (yaani takriban mipigo 348 iliyofanikiwa katika kila majaribio 1,000), ukamweka miongoni mwa wapigaji kumi bora wa historia yote. Wastani huo usomwe kwa uangalifu, kwani unahesabu tu mechi za ligi ambazo kumbukumbu zake zimepatikana, ilhali timu hizo zilicheza mechi nyingi za kirafiki mijini na vijijini ili zipate fedha za kujiendesha.