Utafiti mseto: takwimu na maelezo yakutane wapi?

Tasnifu nyingi za utafiti mseto, yaani unaotumia takwimu na mahojiano kwa pamoja, huharibikia Sura ya Nne, ile ya matokeo. Majedwali ya asilimia yanapangwa mwanzo, nukuu za mahojiano mwisho, na katikati hamna kitu. Hizo ni tafiti mbili ndani ya jalada moja. Mimi nashikilia kwamba muunganiko hufanyika mapema zaidi, pale unapoamua nani ahojiwe.

Chukua suala la wajawazito wanaochelewa kuanza kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri hudhurio la kwanza liwe ndani ya wiki 12 za mimba. Dodoso linatangulia. Ukichukulia kwamba nusu yao (50%) huchelewa, kwa uhakika wa 95% na kosa la 5%, unahitaji watu 385. Ukikadiria kwamba 10% hawatapatikana, gawanya kwa 0.9 upate 428. Ukichagua mitaa kwanza, kisha kaya, hao hawatoshi, maana majirani hufanana: zidisha kwa 1.5 au 2. Umri wa mimba usome kwenye kadi ya kliniki, usitegemee kumbukumbu.

Fomu ya ridhaa iwe na swali hili: "Unakubali tukurudie kwa mahojiano?" Likikosekana, utabaki na majibu mengi na hakuna unayeruhusiwa kumrudia. Namba za simu ziwe kwenye faili la peke yake, zikiunganishwa na dodoso kwa msimbo tu.

Baada ya uchambuzi, wagawe katika makundi manne: walio karibu na kituo waliowahi, walio karibu waliochelewa, walio mbali waliowahi, na walio mbali waliochelewa. Hoji watano watano, ila kundi la pili liongeze hata wafike wanane. Hao umbali hauwaelezi, na ndiyo sababu ya kuwafuata. Mwongozo wa usaili unaandikwa sasa, matokeo yakiwa mezani, halafu unarudi kwa kamati ya maadili kabla ya kwenda uwandani. Tenga wiki kadhaa kwa hilo.

Usimwulize mama, "Kwa nini ulichelewa?" Linasikika kama karipio, naye atajitetea. Sema: "Mama, tangu ulipojua una mimba hadi siku uliyokwenda kliniki, mambo yalikwendaje?" Hapo ndipo hutoka habari kama ya kuambiwa aje na mume, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Dodoso lililouliza elimu, nauli na umbali halina pa kuandika jambo hilo. Lakini usiseme "40% ya waliohojiwa"; hawakuchaguliwa ili kuwakilisha wengine.

Matokeo yaweke kwenye jedwali moja la safu tatu: takwimu, maneno yao, na tafsiri ya viwili hivyo kwa pamoja. Vikipingana, usifute kimoja. Tuseme dodoso linaonyesha nauli si kikwazo, na akina mama wanaitaja kila mara. Rudi usome swali lako: huenda uliuliza nauli ya daladala tu, wao wakahesabu na genge lao la biashara lililofungwa siku nzima.