Mpiga picha wa harusi kwa bajeti ndogo Arusha na Moshi: yanayosemwa vikaoni, na ukweli wake

Kamati ya harusi ikikaa kugawa michango, ukumbi na chakula hutangulia, mapambo hufuata, na mpiga picha huachiwa kilichobaki. Kidogo hicho kinaweza kuleta picha nzuri sana. Kinachokiharibu ni maneno yanayorudiwa kila kikao bila mtu kuyapima.

"Hela ni ndogo, tutafute wa bei ya chini."

Punguza saa, usishushe kiwango cha mtu. Pakeji nyingi huanzia saluni asubuhi hadi ukumbi unapofungwa, na ndani yake kuna video, droni, albamu na watu wawili watatu wa kazi. Mpiga picha aliyeiva ukimwomba muda wa saa 9 tu, peke yake, bila albamu, mara nyingi bei inashuka kuliko mngevutana naye juu ya pakeji nzima. Ibada ikiwa saa nane mchana, aanze saa saba, bibi harusi akiwa anamalizia kuvaa, na aondoke saa nne usiku. Hapo lazima mkubaliane na MC kabla ya siku yenyewe: kuingia ukumbini, keki, shampeni na ndafu vyote vimalizike kabla ya saa nne. Foleni ya zawadi na muziki wa mwisho, simu za ndugu zitatosha.

Cha kwanza kukatwa ni droni. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na usiku ndani ya ukumbi haina kazi. Albamu nayo inaweza kusubiri hata mwaka, mradi mafaili kamili mnayo mkononi.

"Ukurasa wake wa Instagram ni mzuri, tumchukue."

Picha 30 bora za miaka mitatu kila mtu anazo. Omba kuona harusi moja nzima, picha zote alizomkabidhi mteja, na ikiwezekana iwe imefanyika katika ukumbi unaofanana na wenu. Usizitazame zote kwa usawa. Nenda moja kwa moja kwenye picha ambayo uso wa bibi harusi uko karibu na shela lake.

Picha hiyo ndiyo mtihani. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera hutaka kila kitu kiwe na mwangaza wa kati. Shela jeupe likijaa mbele yake, kinadhani mwanga umezidi, kinaupunguza, na matokeo yake shela linatoka la kijivu na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Asiyejua akijaribu kurekebisha, anaongeza kupita kiasi: uso unaonekana, lakini lesi yote inageuka doa jeupe lisilo na ua wala uzi. Anayejua kazi hupimia uso, kisha anahakikisha lesi haipotei. Kuza picha kwa vidole viwili: ukiona maua ya lesi na macho ya bibi harusi katika picha moja, umepata mtu wa maana. Angalia pia kama nyuso zimeng'arishwa kwenye kompyuta hadi bibi harusi hafanani na dada zake waliosimama kando yake. Hilo limeharibu picha nyingi za familia zetu na linaumiza, maana halirekebishiki ikiwa mafaili ya awali yameshafutwa. Mwambie mapema kwamba unataka rangi ya ngozi yako ibaki.

"Ana kamera kubwa, na lenzi ndefu kama za watu wa safari."

Arusha ina watu wengi waliojifunzia kamera porini, na wapo hodari kwelikweli. Ila porini jua lipo la kutosha, na lenzi nyingi za safari hutegemea jua hilo. Kanisani na ukumbini kinachohitajika ni lenzi inayofunguka sana. Ile ya milimita 18-55 inayokuja na kamera, ukivuta karibu, hufikia f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi imefunguka zaidi). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni kati ya zile za bei nafuu kabisa, huingiza mwanga karibu mara kumi zaidi. Tofauti hiyo utaiona pale pete inapoingia kidoleni: mwenye ile ya 18-55 analazimika kuiacha shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, wazi muda mrefu, na mikono inatoka na ukungu. Kwa hiyo usimuulize kamera yake ni ya pikseli ngapi. Muulize anatumia lenzi gani kanisani, kama ana kamera ya akiba, na kama kamera yake huandika kwenye memori kadi mbili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikifa, harusi haipotei.

Muulize paroko au mchungaji pia kuhusu flashi na mahali mpiga picha anaporuhusiwa kusimama. Si kila kanisa hukubali mtu asogee madhabahuni wakati wa viapo.

"Taa za ukumbi zikiwa nyingi, picha zitapendeza."

Taa za rangi hupendeza kwa macho na huchosha kamera. Zambarau na bluu zikimpiga mtu usoni, ngozi inapoteza rangi yake, na hakuna programu inayoirudisha vizuri. Kuna jambo jingine ambalo wapambaji hawaambiwi: mpiga picha huelekeza flashi darini ili mwanga urudi laini, na dari ikifunikwa kitambaa cha dhahabu au cha zambarau, mwanga unarudi na rangi hiyo hiyo. Ombeni kitambaa cheupe juu ya meza kuu. Kisha mwambieni MC na mtu wa taa kwamba maharusi wakiingia, wakikata keki na ndafu ikiletwa, taa nyeupe ziwake na mashine ya moshi isimame, dakika tano kila mara. Hili haligharimu kitu, na linaokoa picha kuliko kamera mpya.

"Mlima uko pale, tutaupata nyuma yetu."

Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mara nyingi hujifunika mawingu asubuhi ikisogea na kukaa hivyo mchana wote. Hufunguka alfajiri, au jioni jua likikaribia kuzama. Maharusi wanaotoka kanisani saa tisa na kukimbilia sehemu ya wazi mjini Moshi hukuta wingu, tena jua likiwa bado kali linachora vivuli vyeusi chini ya macho. Tengeni dakika 40 kuanzia saa kumi na moja na robo jioni. Jua letu huzama kama saa kumi na mbili na nusu, na mwanga wa saa hiyo ni laini na wa bure. Mlima ukijitokeza, mpiga picha arudi nyuma sana na kutumia lenzi ndefu, ya milimita 200 hivi. Akisogea karibu na lenzi pana, Kilimanjaro itaonekana kama kilima nyuma ya shela.

Wa Arusha wanaoutaka Meru wafuate saa hizo hizo. Mijakaranda huchanua zaidi Oktoba na Novemba, kwa wanaopenda barabara za zambarau. Bustani za hoteli na mashamba ya kahawa huwa na ada ya kupiga picha, kwa hiyo ulizeni kabla msafara haujafika getini.

"Picha za familia zitajipanga zenyewe."

Kila kundi hula dakika tatu, kwa sababu kuna mjomba yuko kwenye gari na bibi anatafutiwa kiti. Makundi 15 ni dakika 45, na hizo ndizo dakika za jua la jioni. Andikeni makundi 10, mkianza na wazee. Mpeni karatasi shangazi anayewajua watu wa pande zote mbili na mwenye sauti. Mpiga picha hamjui baba mdogo.

"Desemba wapo tele."

Desemba ndiyo wamekwisha. Wachaga wanarudi nyumbani kwa Krismasi na harusi zinarundikana kila Jumamosi. Shikeni mtu miezi sita kabla, au hamieni Ijumaa au Jumapili kama kanisa linaruhusu.

"Tunafahamiana, mkataba wa nini?"

Karatasi moja inatosha, lakini iwe na jina la mtu atakayeshika kamera, maana kuna studio zinazouza kazi ya bosi kisha zikaleta kijana wa kujifunza. Iwe na saa ya kuanza na ya kuondoka, gharama ya saa ya ziada, idadi ya chini ya picha zilizosafishwa (kwa saa 9, picha 400 ni haki), tarehe ya kukabidhi, na atakayewajibika kupeleka mtu mwingine wa kiwango chake akiugua. Malipo tunashauri yawe asilimia 40 mwanzo, 40 wiki ya harusi, na 20 mkishapokea kazi. Ukishalipa yote kabla, huna cha kumharakishia.

"Nitumie tu WhatsApp."

Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupunguzwa hadi pikseli 1,600 hivi upande mrefu. Ukiichapa vizuri inatosha sentimita 13 au 14, ukubwa wa picha ya mfukoni. Faili kamili la kamera ya megapikseli 24 lina pikseli 6,000 na linafika sentimita 50 ukutani. Pokeeni mafaili kwenye diski ya nje ya kompyuta (hard disk) au kwa kiungo cha kupakulia, yanakiliwe sehemu mbili siku hiyo hiyo, na nakala moja ikae nyumba nyingine. Fungueni picha 20 za hapa na pale kwenye kompyuta, kila moja iwe na megabaiti kadhaa na ifunguke bila mistari wala vipande vya kijivu. Ndipo mlipe ile asilimia 20.