Tangazo la Lincoln halikumaliza utumwa Marekani

Wengi wetu tulifundishwa kwamba tarehe 1 Januari 1863, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini tangazo na utumwa Marekani ukaisha. Sivyo. Tangazo lile liligusa maeneo ya Kusini yaliyoasi serikali tu. Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, majimbo ya utumwa yaliyobaki upande wa serikali, hayakuguswa. Hata Tennessee, iliyoasi lakini kwa sehemu kubwa ilikuwa imerudi mikononi mwa serikali, iliachwa nje. Lincoln alitumia mamlaka ya amiri jeshi mkuu, na aliamini mamlaka hayo hayamruhusu kufuta utumwa pasipo na uasi.

Basi lilikuwa karatasi tupu? Hapana, na huniuma likibezwa hivyo. Kila jeshi la Kaskazini, yaani la serikali, liliposonga mbele, uhuru ulisonga nalo. Tena liliwafungulia watu weusi mlango wa jeshi: takriban 180,000 walivaa sare, wengi wao waliokuwa watumwa. Uhuru huo waliupigania wenyewe, kwa damu yao.

Utumwa ulifutwa nchi nzima na Marekebisho ya 13 ya Katiba, Desemba 1865. Lincoln, aliyeyasukuma bungeni kwa nguvu zote, alikuwa ameuawa tangu Aprili.