Maumivu ya neva si ya diklofenaki

Ingia kemisti yoyote Kawangware, Nairobi, useme miguu inawaka moto usiku kama uliyekanyaga makaa. Huenda ukatoka na diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu. Wengi huamini maumivu ni maumivu, dawa ni ile ile. Sivyo. Diklofenaki hutuliza uvimbe, lakini neva (mshipa wa fahamu) iliyoharibiwa na kisukari hutuma ishara za uchungu hata pasipo uvimbe wala kidonda. Hapo daktari huandika amitriptilini (ndiyo, ile ya sonona, ugonjwa wa huzuni nzito) au gabapentini.

Linalonitia hofu zaidi ni moyo. Diklofenaki huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Mwaka 2013 wadhibiti wa dawa wa Ulaya waliwakataza wagonjwa wa moyo kuitumia. Na mwenye kisukari, moyo wake tayari uko mashakani.