Timu iliyojaa kazi haiwezi kugeuka

Nimeoneshwa tena lile jedwali. Majina upande mmoja, wiki upande wa pili, na kila kisanduku kijani kwa sababu kila mtu amepangiwa kazi asilimia 100. Mwenye jedwali alilionea fahari: timu yake imekuwa nyepesi, hakuna tena anayekaa bure. Dakika chache baadaye akaniuliza kwa nini ombi dogo la mteja, kazi ya siku moja, huchukua karibu mwezi.

Jibu limo kwenye jedwali hilohilo. Nimelieleza mara nyingi mno kwa mdomo, kwa hiyo sasa naliandika.

Wepesi ninaouzungumzia ni uwezo wa kubadili uamuzi bila kulipa gharama kubwa. Kasi ni suala jingine kabisa. Nimeona timu zinazomaliza kazi kwa kasi ya kutisha, lakini zikahitaji robo mwaka kuachana na wazo ambalo kila mmoja wao alishajua halina maisha.

Chukua foleni iliyo rahisi kuliko zote: kazi zinaingia bila ratiba, anayezishughulikia ni mmoja, na urefu wa kila kazi hautabiriki. Wastani wa kazi moja ni siku moja. Mtu huyo akibanwa asilimia 50 ya muda wake, kazi mpya itasubiri kwa wastani siku 1 kabla haijaguswa. Akibanwa asilimia 80, siku 4. Asilimia 90, siku 9. Asilimia 95, siku 19. Itazame vizuri hatua hiyo ya mwisho: umemwongezea mzigo wa asilimia 5 tu, na muda wa kusubiri umezidi mara mbili. Ukifika 100, foleni hukua bila kikomo. Hakuna aliyekuwa mvivu na hakuna aliyepungukiwa ujuzi.

Pingamizi huja hapohapo: timu ya watu si dirisha la benki. Ni kweli. Watu hupanga vipaumbele, husaidiana, hukataa kazi, na timu ya watu watano wanaoweza kupokezana huvumilia mzigo kuliko mtu mmoja. Kwa hiyo namba hizo zisichukuliwe kama utabiri wa timu yako. Cha kuchukua ni umbo la mkunjo wa grafu ya muda wa kusubiri dhidi ya mzigo, jinsi unavyolala kwa muda mrefu halafu ukasimama wima ghafla. Kinachousimamisha ni kutotabirika. Kazi inayojirudia kwa kipimo kilekile inaweza kusogea karibu na asilimia 100 bila foleni ya maana. Kubuni bidhaa, kuandika programu, kuhudumia wateja wenye shida tofauti: huko haiwezekani. Na hili ndilo linaloniudhi. Meneja yuleyule anayefungua wasilisho lake kwa kusema soko limekuwa halitabiriki, kurasa chache mbele anawapangia watu kazi kana kwamba kila kitu kimeshajulikana.

Mwaka 1961 John Little, mtafiti wa hesabu za foleni, alithibitisha kanuni ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila ukuta wa ofisi: wastani wa kazi zilizo wazi, yaani zilizoingia na bado hazijamalizika, ni sawa na kasi ya kuzipokea mara wastani wa muda ambao kila moja hukaa ndani. Kama timu inapokea na kumaliza kazi 5 kwa wiki na zilizo wazi ni 40, kazi ya leo itatoka baada ya wiki 8 hivi. Kikao kirefu zaidi cha asubuhi hakitapunguza wiki hizo. Kuanzisha kazi chache kutazipunguza.

Sprinti, skramu, ubao wa kanbani, zote mbinu za kupanga kazi za timu: tumia chochote unachopenda. Wataalamu 17 wa programu za kompyuta waliokutana Snowbird, Utah, Marekani, Februari 2001 na kutunga ilani ya wepesi (Agile) waliandika kwamba wanathamini kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango. Kuitikia kunahitaji mtu ambaye mikono yake iko wazi.

Kisha nitaambiwa, “Mbona Toyota hawaachi hata dakika ipotee?” Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin, msambazaji wa vipuri wa Toyota, mjini Kariya, Japani, kiliungua. Ndicho kilichotengeneza karibu vali zote za breki za aina moja muhimu kwa magari ya Toyota, na akiba yake ilikuwa ndogo sana. Viwanda vya Toyota vikasimama. Wasambazaji wengi, wakiwemo ambao hawakuwahi kugusa vali hizo, waligawana michoro na kuanza kuzichonga kwenye mashine zao bila kusubiri makubaliano ya bei. Siku chache baadaye uzalishaji ulianza kurudi. Wanaotaja Toyota huona ghala tupu tu, yaani akiba ndogo ya vipuri. Hawaoni kwamba kulikuwa na watu walioweza kuacha walichokuwa wakifanya, wenye ujuzi wa kufanya kingine, na ruhusa ya kuamua papo hapo.

Ruhusa hiyo ndiyo hupuuzwa zaidi. Nafasi unayoiacha kwenye ratiba haina faida kama kila badiliko lazima lipande ngazi tatu za saini. Pia nafasi iwe mahali panapobana. Kumwachia kila mtu asilimia 20 huku mkaguzi mmoja anayepitisha kazi zote akiwa amefurika hakubadilishi chochote.

Kiasi gani kiachwe? Vitabu hutaja asilimia kwa ujasiri ambao mimi sina. Huwa naanzia kupunguza kazi zilizo wazi hadi watu waanze kulalamika kwamba wanasubiriana, kisha narudisha kidogo. Ni kupapasa, na sijapata njia bora. Zaidi ya hapo, nafasi iliyoachwa huonekana kama uzembe pale bajeti inapokatwa, na faida yake hujitokeza siku ambayo hakuna aliyeipanga. Nimeshindwa hoja hiyo mbele ya wahasibu makini, wenye maswali ya haki. Kitu pekee ninachoweza kuwawekea mezani ni umri wa kazi zilizo wazi, wiki baada ya wiki, kando ya lile jedwali la kijani. Wengine hulitazama wakanyamaza. Wengine huuliza nani hana kazi wiki ijayo.