TSH ikiwa juu haina maana tezi imezidi kasi

Kuna ujumbe usioisha kuzunguka kwenye magrupu, Ujiji mpaka Kasulu: eti TSH, homoni inayopimwa kwenye damu kuchunguza tezi ya shingo, ikitoka juu, tezi hiyo inafanya kazi kupita kiasi, basi acha chumvi yenye madini joto. Si kweli.

TSH hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru ile ya shingoni itengeneze homoni. Ni kama nyapara: kibarua akilegea, yeye hupaza sauti. Kwa hiyo TSH ya juu mara nyingi huonyesha tezi imelegea. TSH ikishuka sana ndipo tezi hushukiwa kuzidi kasi. Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana karatasi ya majibu huweka herufi H tu pembeni, yaani "juu" (High), bila kueleza zaidi.

Itazame karatasi yako. Kando ya jibu pana kiwango cha maabara hiyo, mara nyingi kama 0.4 hadi 4.0, mjamzito ana chake. Angalia na FT4, yaani homoni inayotengenezwa na tezi ya shingo yenyewe: ikiwa ya kawaida na TSH imepanda kidogo, daktari anaweza kurudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Vidonge vya nywele vyenye bayotini (aina ya vitamini B) huweza kuvuruga majibu, kwa hiyo vitaje kwa daktari.

Usiusambaze ujumbe huo. Na chumvi usiiache kwa sababu yake. Upungufu wa madini joto ni chanzo kimojawapo cha goita, yaani uvimbe wa tezi ya shingo.