Hadithi Fupi Huuzwa Zaidi ya Mara Moja

Waandishi chipukizi wa bunilizi ya kisayansi na fantasia huniuliza kama mtu anaweza kuishi kwa hadithi fupi peke yake. Kwa malipo ya kwanza, hapana. Chama cha waandishi wa fani hii chenye mizizi Marekani, SFWA, huhesabu senti 8 za dola kwa neno kuwa kiwango cha chini cha malipo ya kitaalamu. Hadithi ya maneno 5,000 basi huleta dola 400, na majarida yanayolipa hivyo hukataa sehemu kubwa mno ya miswada yanayoletewa. Ndiyo maana wengi wetu tuna ajira nyingine, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Mfano ninaoupenda ni Ted Chiang, mwandishi Mmarekani wa bunilizi ya kisayansi. Hadithi yake ya kwanza ilitoka katika jarida la Omni mwaka 1990, ikanyakua Nebula, mojawapo ya tuzo kubwa za fani hii. Wengi wangekimbilia riwaya. Yeye alibaki kwenye hadithi fupi, akazitoa moja moja kwa nadra, huku riziki yake ikitokana na kuandika miongozo ya programu za kompyuta. Mikusanyiko yake ni miwili tu, wa 2002 na wa 2019. Kisha hadithi yake ya mwaka 1998 ikazaa filamu ya Arrival mwaka 2016.

Miaka 18! Hadithi nzuri ya fani hii huishi muda mrefu kuliko jarida lililoichapisha, kwa hiyo swali la maana ni hili: wakati huo wote inakuwa mali ya nani?

Jibu limo kwenye mkataba. Jarida lenye uadilifu hununua haki ya kuchapisha kwanza kwa lugha fulani, na hukaa na hadithi bila mwingine kuruhusiwa kuichapisha kwa muda uliotajwa, labda miezi sita au mwaka. Muda ukiisha, uko huru kuiuza tena: kwa kitabu cha hadithi teule za mwaka, kwa watengenezaji wa vitabu vya sauti, kwa wafasiri, na hatimaye katika mkusanyiko wako mwenyewe. Marudio hulipa kidogo kwa kila moja, lakini hayahitaji uandike sentensi mpya.

Ukikuta maneno “haki zote, katika vyombo vyote, milele”, usitie sahihi. Mwandikie mhariri kwa adabu, taja kifungu chenyewe na upendekeze maneno mbadala. Wahariri wamezoea maombi hayo, na wengi hukubali bila kinyongo.

Kifungu kingine ambacho wengi hukiruka ni kile cha haki kurudi kwa mwandishi. Majarida hufa, tena mara kwa mara, na hadithi iliyonunuliwa ikakaa bila kuchapishwa haiwezi kuuzwa kwingine hadi mkataba uiachie. Dai tarehe kamili ya mwisho, iandikwe kwa tarakimu.